Stesheni Iliyohama

Chilewa kaja na bahasha, ndani picha kumi na moja.
Kazisafisha Dodoma mjini kwa fedha ya picha za pasipoti.
Uwele nikausogeza, akanipangia juu ya ungo.
"Shangazi, usiseme neno kwanza. Tazama."

Nikatazama.

Ya kwanza: stesheni yetu ya tawi, kaipiga alfajiri,
ukuta umeshika rangi ya ng'ombe aliyenyeshewa.
Sikujua kama una rangi hiyo.
Miaka hamsini na tatu napita pale
na ndoo, na kuni, na mimba, na jeneza la kaka,
na kwangu ulikuwa ukuta tu,
mahali pa kuukwepa upepo wa Agosti.

Ya pili: dirisha la tiketi.
Tao lake la mawe limebaki juu
kama nyusi za mtu aliyesahau alilotaka kuuliza.

Ya tatu kichuguu, kimeota pale walipopimia mizigo,
kirefu kuliko karani yeyote.

Ya nne sikuielewa mpaka alipoigeuza:
sakafu, vumbi, na jua lililodondoka kupitia paa,
miraba ya mwanga, imekaa chini kimya
kama watu wanaongoja kuitwa majina.
Hiyo niliishika muda mrefu.
Nzuri, nikasema. Nzuri mno.

"Unaona walivyoitelekeza?" akasema Chilewa.
"Reli waling'oa, sawa. Lakini hata mlango?
Hata mlango, shangazi, hawakuuacha."

Hapo nikavua miwani.

Mwanangu, mlango huo Mbeleje anaulalia.
Mninga mtupu, miguu minne ya mgunga.
Juu yake kazaliwa Nyemo na wadogo zake watano,
na mumewe kaugulia hapo hadi siku ya mwisho.
Tundu la ufunguo lipo bado, upande wa miguuni.
Nondo za dirisha la tiketi ziko kwa Ndahani, bandani,
jogoo anachungulia kati yake
kama abiria asiye na nauli.
Mataruma yamebeba dari za tembe tatu, bonde zima linajua.
Na kile kipande cha reli, si kilikuitia namba darasa la kwanza?
Kilikuwa kinaning'inia pale shuleni, mwalimu wa zamu akikigonga kwa nati,
nawe unakimbia, kiatu kimoja mkononi.

Na vigae.
Inua macho. Hapo, juu ya jiko langu.
Nyeusi hizo ni moshi, chini yake ni nyekundu.
Niliviteremsha mwenyewe, usiku, mwaka wa Elinino,
ngazi ya kuazima, mtoto mgongoni anakohoa,
na ndani kwangu maji yamefika kwenye mafiga.
Sikuiba kwa raha. Lakini niliiba vizuri:
hakuna hata kimoja kilichovunjika.

Chilewa kaangalia paa langu.
Kaangalia picha ya nne. Midomo inahesabu.
Saba huku. Saba kule.

Basi jua lile uliloamkia usiku kulifuata,
pikipiki, tochi, umande wa mbigiri,
madirisha yake nilikata mimi.

Sisemi picha yako ni ya uongo.
Bila hiyo ningekufa sijauona ukuta ule.
Nasema tu: kuachwa ni neno la mpita njia.
Jengo lile lilihama, kidogo kidogo, kichwani na begani,
likaja kuishi na watu.
(Saa ya ukutani sijui iliko. Hiyo msituulize sisi.)

Akakaa. Akala ugali wangu wa uwele na mlenda,
hakusema kitu mpaka aliponawa.
Kisha akaomba nimpeleke kwa Mbeleje,
akaupige mlango picha.

Mbeleje kakubali.
Ila kasema asubiri nje kwanza,
atandike lile shuka jipya la maua.